SOMO LA MAKATIBU: KUPUNGUZA MWANGWI KATIKA MAIKROFONI ZA CHUMBA CHA MKUTANO



Somo hili linahusu mikutano inayounganisha ukumbi wa chama kikuu na ofisi za vyama vya msingi kwa njia ya mtandao. Linafaa kusomwa na mtu mmoja mmoja, lakini litafaa zaidi likisomwa katika kikundi cha mafunzo, mbele ya vyombo vyenyewe. Baada ya kulisoma, kikundi chenu kiweze:

(a) kueleza mwangwi hutoka wapi na ni nani anayepaswa kuuondoa;
(b) kuandaa chumba, maikrofoni na spika ili mwangwi uwe mdogo tangu mwanzo;
(c) kuupanga mtambo wa kufuta mwangwi kwa usahihi;
(d) kuujaribu mtambo huo kabla ya wajumbe kuingia.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Watu wengi husema "kipaza sauti" kwa vyombo viwili tofauti. Katika somo hili, chombo kinachopokea sauti ya msemaji tutakiita maikrofoni, na chombo kinachotoa sauti ili watu wasikie tutakiita spika. Mtu asiyevitenganisha viwili hivi hataielewa sehemu yoyote inayofuata.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Huenda msomaji akauliza: mambo ya waya na mitambo yana uhusiano gani na ushirika? Yana uhusiano mkubwa. Mkutano Mkuu ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kabisa katika chama, na uongozi wa kidemokrasia wa wanachama ni kanuni ya pili katika kanuni saba zilizothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995. Kura ya mwanachama ina maana ikiwa tu amesikia yaliyosemwa naye akasikiwa alipotaka kusema.

Tuchukue mfano. Mjumbe wa chama cha msingi kilicho mbali anaomba nafasi ya kuuliza juu ya makato ya kila kilo ya kahawa. Anaanza: "Ndugu Mwenyekiti, sisi wanachama tungependa kufahamu makato haya..." Kabla hajamaliza, maneno yake mwenyewe yanamrudia sikioni, yamechelewa. Anasita. Anaanza upya, na maneno yanamrudia tena. Waliomo ukumbini hawausikii mwangwi huo hata kidogo. Wao wanamwona mtu anayegugumia, na wengine wanadhani hakujiandaa. Mwishowe anasema, "Basi, Ndugu Mwenyekiti, tuendelee." Katika kumbukumbu za kikao inaandikwa kwamba ajenda ilipita bila swali.

Mjumbe huyo hakushindwa kwa woga. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, Bernard Lee, aliandika juu ya jambo hili: mtu akiisikia sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, usemi wake huvurugika, hupunguza kasi, hurudia silabi na hata hunyamaza. Kwa hiyo mwangwi unaweza kumnyima mwanachama haki yake ya kuuliza bila mtu yeyote kukusudia. Hii ndiyo sababu Katibu hana budi kulielewa jambo hili mwenyewe, asilikabidhi lote kwa fundi.

2. MWANGWI HUTOKA WAPI

Fuatana nami katika safari ya sauti. Mjumbe aliye mbali anasema. Sauti yake inasafiri kwa mtandao hadi ukumbini, inatoka katika spika, inaenea chumbani na kugonga kuta, kisha inaingia katika maikrofoni zilizo mezani. Maikrofoni hazijui kwamba sauti hiyo ni ya mgeni. Huichukua kama sauti nyingine yoyote na kuirudisha mtandaoni. Hivyo mjumbe anasikia maneno yake yakirudi.

Kutokana na safari hiyo tunapata kanuni iliyo mhimili wa somo zima:

MWANGWI HUSIKIKA UPANDE MMOJA, LAKINI HUTENGENEZWA UPANDE WA PILI.

Anayesikia sauti yake ikimrudia si mwenye kosa. Kosa liko katika chumba cha yule anayemsikiliza. Nyani haoni kundule. Na ukumbi unaotoa mwangwi hausikii mwangwi wake. Kwa sababu ya kutoijua kanuni hii, makatibu wengi huwaambia wajumbe wa mbali warekebishe simu zao, ilhali jambo la kurekebishwa liko katika meza ya Mwenyekiti.

Kwa nini basi mtu haoni shida anaposema katika chumba kile kile bila mtandao? Ni kwa sababu ya muda. Sauti husafiri hewani karibu meta 343 kwa sekunde. Ikigonga ukuta ulio meta 5 na kurudi, imechelewa milisekunde 29 tu, yaani sehemu 29 katika 1,000 za sekunde. Sauti inayorudi mapema hivyo sikio huiunganisha na ile ya kwanza. Ikichelewa zaidi ya milisekunde 50 hivi, sikio huanza kuitambua kuwa sauti ya pili. Safari ya kwenda na kurudi kwa mtandao huweza kuchukua milisekunde 200, 300 au zaidi. Mtandao wenyewe hautengenezi mwangwi. Huuchelewesha tu hadi ukaonekana.

Mwangwi usichanganywe na mluzi. Mluzi ni ule mlio mkali unaotokea pale maikrofoni inapopokea sauti yake yenyewe kutoka katika spika ya chumba hicho hicho, ikaikuza tena na tena. Mluzi husikika na wote waliomo chumbani. Mwangwi humsumbua aliye mbali.

3. TUANZE NA CHUMBA

Wengi hukimbilia kununua mtambo. Huo si utaratibu mzuri. Mtambo hufanya kazi vyema katika chumba kilichotulia, na hushindwa katika chumba kinachovuma.

Mvumo wa chumba hupimwa kwa muda ambao sauti huchukua hadi kufifia kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kukoma. Mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, aligundua namna ya kuukadiria muda huo. Alitumia matakia ya viti vya ukumbi mwingine, akiyaingiza na kuyatoa usiku na kupima mabadiliko. Kanuni yake ni hii: zidisha ujazo wa chumba kwa meta za ujazo na 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wa chumba kumeza sauti.

Tufanye hesabu ya chumba chenye urefu wa meta 12, upana wa meta 7 na kimo cha meta 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 252. Zidisha na 0.161, unapata 40.6. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni meta za mraba 282. Ikiwa ni saruji, vigae na dari ngumu, tukadirie kwamba humeza sehemu 4 tu katika 100 za sauti, yaani uwezo wa 11.3. Angalia mvumo unavyopungua:

Chumba kitupu: 40.6 gawanya kwa 11.3 = sekunde 3.6.
Watu 30 wakiketi (kila mmoja 0.45, jumla 13.5): sekunde 1.6.
Tukiongeza mapazia mazito, meta za mraba 20 (10): sekunde 1.2.
Tukiongeza zulia nene, meta za mraba 40 (12): sekunde 0.9.
Tukiongeza mbao laini za kumeza sauti darini, meta za mraba 40 (24): sekunde 0.6.

Chumba cha mikutano cha ukubwa huo kinafaa kikikaribia nusu sekunde. Tunaona mambo mawili. Kwanza, wanachama wenyewe wanameza sauti kuliko kuta zote za saruji. Kwa hiyo chumba kilichojaribiwa kitupu asubuhi hubadilika wajumbe wanapoingia. Pili, mapazia na zulia, vitu ambavyo fundi cherehani na duka la mjini wanaweza kuvitoa, hupunguza mvumo kabla ya shilingi moja kutumika kwa mitambo. Halmashauri inapojadili bajeti, ianze na mapazia.

4. MAHALI PA MAIKROFONI NA SPIKA

Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika hupungua kwa desibeli 6, yaani nguvu yake hubaki robo. Msemaji aliye sentimeta 30 akisogea hadi sentimeta 120, nguvu ya sauti yake hubaki sehemu moja katika 16. Fundi atalazimika kuikuza maikrofoni mara 16 ili asikike, na hapo atakuwa ameukuza mara 16 mwangwi wa spika pia. Kwa hiyo ukaribu wa maikrofoni ni dawa isiyo na gharama.

Zingatieni yafuatayo:

(a) Maikrofoni iwe karibu na msemaji na mbali na spika. Spika isiwekwe juu ya meza moja na maikrofoni.

(b) Maikrofoni nyingi za mezani hupokea zaidi upande wa mbele na hupokea kidogo sana upande wa nyuma. Spika iwe upande huo wa nyuma.

(c) Maikrofoni isiyotumika izimwe. Maikrofoni 8 zilizo wazi kwa pamoja hukusanya kelele na mvumo wa chumba karibu mara 8 ya maikrofoni moja. Utaratibu wa zamani wa Mwenyekiti kutoa nafasi kwa msemaji mmoja mmoja, basi, ni utaratibu mzuri kwa mitambo pia.

(d) Maikrofoni za darini huacha meza wazi na hupendeza macho, lakini ziko mbali na mdomo. Katika chumba kinachovuma, za mezani ni bora.

(e) Spika ndogo kadhaa zenye sauti ya wastani, zilizo karibu na wasikilizaji, zinafaa kuliko spika moja kubwa inayonguruma kutoka pembeni.

5. MTAMBO WA KUFUTA MWANGWI HUFANYAJE KAZI

Katika simu za masafa marefu, dawa ya kwanza ilikuwa kufunga njia: mmoja anaposema, njia ya mwingine inafungwa. Ilikuwa kama mlango mwembamba ambao watu wawili hawawezi kupishana. Mwaka 1965 setilaiti ya Early Bird ilirushwa kuzunguka kiasi cha kilometa 35,800 juu ya dunia. Maneno yalichukua karibu robo sekunde kwenda na robo nyingine kurudi, na dawa ile ya kufunga njia ikaonekana haitoshi. Katika maabara za Bell, Marekani, John Kelly na Ben Logan walibuni njia nyingine, na mwaka 1967 mwenzao M. M. Sondhi akachapisha maelezo ya mtambo unaojifunza mwangwi na kuutoa. Vifutamwangwi vya leo vimejengwa juu ya wazo hilo.

Wazo ni rahisi kwa mtu aliyezoea hesabu za ghala. Magunia yakipimwa juu ya toroli, karani hutoa uzito wa toroli ili abaki na uzito wa mazao. Lakini ni lazima aujue uzito wa toroli ile ile iliyotumika. Kifutamwangwi nacho hupewa nakala ya sauti inayokwenda kwenye spika. Nakala hiyo tutaiita sauti ya rejea. Kwa kuilinganisha na kile kinachoingia katika maikrofoni, mtambo hujifunza jinsi chumba kinavyoibadili sauti ya spika, kisha huitoa. Kinachobaki ni sauti ya msemaji wa chumbani. Mtambo uliopangwa vizuri huweza kupunguza mwangwi kwa desibeli 20 hadi 30, yaani nguvu yake hubaki sehemu moja katika 100 au katika 1,000.

Kutokana na mfano huo tunapata masharti manne:

Kwanza, sauti ya rejea iwe ile ile inayotoka katika spika. Karani akitoa uzito wa toroli nyingine, hesabu yote imeharibika.

Pili, sauti ya rejea isichanganywe na maikrofoni za chumbani. Zikichanganywa, mtambo utaidhani sauti ya Mwenyekiti kuwa mwangwi na kuanza kuifuta.

Tatu, mtambo hujifunza wakati upande wa mbali unaposema. Usipopewa nafasi hiyo mwanzoni, hauna cha kujifunza.

Nne, chumba kikibadilika, mtambo hujifunza upya. Maikrofoni ikihamishwa wakati wa mkutano, mwangwi huweza kurudi kwa muda mfupi.

6. KUPANGA MAIKROFONI ZA MTANDAO HATUA KWA HATUA

Zamani kila maikrofoni ilivutiwa waya wake hadi kwenye mtambo. Siku hizi maikrofoni nyingi za vyumba vya mikutano hupitisha sauti katika waya wa mtandao wa kompyuta, na mara nyingi waya huo huo huzipatia umeme. Utaratibu mmojawapo unaotumika sana ni ule uitwao Dante, ulioasisiwa na kampuni ya Audinate ya Australia. Faida yake ni kwamba sauti yoyote inaweza kupelekwa popote kwa kuchagua katika kompyuta. Hatari yake ni hiyo hiyo: sauti yoyote inaweza kupelekwa mahali pasipostahili, na macho hayaoni waya uliokosewa.

Hatua ya 1. Chora ramani kwenye karatasi. Andika kila maikrofoni, kila spika, kichakata sauti, na kompyuta inayoendesha mkutano. Chora mishale ya sauti kutoka na kwenda. Ramani hii ibandikwe ukutani.

Hatua ya 2. Ipe kila maikrofoni jina linaloeleweka: "Mwenyekiti", "Katibu", "Meza ya Kushoto 1". Majina ya kiwandani yenye tarakimu nyingi huleta makosa.

Hatua ya 3. Tumia swichi ya mtandao iliyopendekezwa kwa kazi ya sauti, na uzime mpango wake wa kubana matumizi ya umeme, kwa maana huweza kuvuruga mwendo wa sauti. Vyombo vyote vifuate saa moja kuu na kipimo kimoja, kwa kawaida sampuli 48,000 kwa sekunde. Vyombo visivyofuata saa moja hutoa mikwaruzo, na kifutamwangwi hakiwezi kujifunza.

Hatua ya 4. Amua kifutamwangwi kitakuwa wapi, na kiwe kimoja tu katika njia ya sauti. Kinaweza kuwa ndani ya maikrofoni, katika kichakata sauti, au katika programu ya mkutano iliyo kwenye kompyuta. Ikiwa kichakata kinafanya kazi hiyo, kizime kile cha programu. Vifutamwangwi viwili vikifuatana, cha pili hukata vipande vya maneno.

Hatua ya 5. Maikrofoni zikiwa nyingi, kila moja ifutiwe mwangwi wake kabla ya sauti kuchanganywa. Zikichanganywa kwanza, kila msemaji mpya anapowasha maikrofoni mtambo hulazimika kujifunza upya.

Hatua ya 6. Peleka sauti ya rejea. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ikiwa kifutamwangwi kimo ndani ya maikrofoni ya mtandao, maikrofoni hiyo haiwezi kukisia kinachotoka katika spika. Ni lazima ipelekewe njia yake ya rejea kupitia mtandao. Taa ya kifutamwangwi inaweza kuwaka na maandishi yakasema kinafanya kazi, ilhali hakijapelekewa kitu. Angalia kipimo cha rejea katika kompyuta: mjumbe wa mbali anaposema, kipimo kicheze, Mwenyekiti anaposema, kitulie.

Hatua ya 7. Sauti ya rejea ichukuliwe baada ya kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti ya spika. Ikichukuliwa kabla yake, kila mara mtu anapoongeza sauti mtambo utapotea.

Hatua ya 8. Sauti inayopelekwa mbali iwe na maikrofoni za chumbani, pamoja na sauti ya filamu kama ipo, lakini isiwe na sauti iliyotoka mbali. Mtu asirudishiwe maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 9. Panga nguvu ya kupokea ya kila maikrofoni. Msemaji wa kawaida asomeke karibu na desibeli 20 chini ya kilele cha kipimo, na kicheko kikubwa kisifikie kilele. Kisha usiiguse tena.

7. KUJARIBU KABLA YA WAJUMBE KUINGIA

Kwa kuwa aliyemo chumbani hausikii mwangwi wa chumba chake, hakuna jaribio la maana bila mwenzako aliye mbali. Katibu apange na Katibu wa chama kimoja cha msingi, angalau saa moja kabla ya mkutano.

Jaribio la kwanza: wa mbali ahesabu 1 hadi 20 kwa sauti ya kawaida, ukumbi ukiwa kimya na maikrofoni zikiwa wazi. Aseme kama anajisikia. Katika hesabu za mwanzo anaweza kujisikia kidogo. Kufikia mwisho asijisikie.

Jaribio la pili: wa ukumbini asome aya moja kutoka kila kiti. Wa mbali aseme kama maneno yanakatika.

Jaribio la tatu: wote wawili waseme kwa pamoja. Hili ndilo jaribio gumu. Ikiwa sauti ya mmoja inazama kabisa, mtambo unafunga njia badala ya kufuta mwangwi. Punguza ukali wake, punguza sauti ya spika, au sogeza maikrofoni karibu zaidi.

Mwangwi ukiendelea, fanya uchunguzi huu: punguza sauti ya spika hadi kimya kabisa. Mwangwi ukikoma, asili yake ni chumba. Rudi sehemu ya 3 na ya 4, kisha kagua sauti ya rejea. Mwangwi usipokoma, chumba hakina kosa. Sauti inarudishwa ndani ya mtambo wenyewe, na kosa liko katika hatua ya 8. Jaribio hili la dakika moja huokoa nusu siku ya kupapasa waya.

Mkutano ukiwa na vyama vingi, na haijulikani mwangwi unatoka wapi, zima maikrofoni za kituo kimoja kimoja huku msemaji akiendelea kuhesabu. Kituo ambacho kikizimwa mwangwi unakoma ndicho chenye kosa. Kisilaumiwe, kisaidiwe.

8. MAKOSA YA KAWAIDA

Televisheni kutoa sauti yake yenyewe. Picha ya wajumbe wa mbali inawekwa katika televisheni, na sauti inatoka humo bila kupitia kichakata. Mtambo haujui sauti hiyo wala umechelewa kiasi gani. Zima sauti ya televisheni. Sauti yote itoke katika spika zilizopangwa.

Mjumbe kujiunga kwa simu akiwa ndani ya ukumbi. Mtu mmoja anafungua mkutano huo huo katika simu yake ili aone vizuri, na simu inatoa na kupokea sauti. Papo hapo panazuka mwangwi na mluzi. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba simu zilizojiunga zizimwe maikrofoni na spika zote mbili.

Kuongeza sauti ya spika kila mtu asiposikia. Aghalabu shida si udogo wa sauti bali mvumo wa chumba. Kuongeza sauti huongeza mvumo.

9. CHAMA KISICHO NA MITAMBO

Vyama vingi vya msingi vitajiunga kwa simu moja au kompyuta moja. Kanuni ni ile ile: simu iliyowekwa mezani kwa sauti kubwa huwarudishia wengine maneno yao. Dawa ya mtu mmoja ni visikilizi vya masikioni, kwa sababu sauti isiyotoka hewani haiwezi kurudi katika maikrofoni. Wakiwa watu kadhaa, waweke chombo kimoja tu katikati yao, sauti iwe ya wastani, chumba kiwe kidogo chenye mapazia au magunia matupu yaliyotundikwa ukutani, na maikrofoni izimwe wasiposema.

10. UTARATIBU SIKU YA MKUTANO

Katibu aanze kwa kuita mahudhurio, chama kimoja baada ya kingine, na kila mjumbe wa mbali atoe salamu kamili badala ya neno moja. Adabu hii ya zamani ina faida mpya: wakati wa salamu hizo mtambo wa ukumbini unajifunza chumba, na Katibu anapata kuuliza kila mmoja, "Ndugu, unajisikia ukirudi?" Jibu liandikwe kando ya jina.

Mwangwi ukitokea katikati ya hoja, Mwenyekiti asimamishe mjadala hadi utengenezwe, na msemaji aanze swali lake upya. Kabla ya kura, kila kituo kiulizwe kama kimeisikia hoja. Kama wajumbe wa mbali wanahesabiwa katika akidi au la, hilo lisomwe katika masharti ya chama chenu; lakini hata masharti yakiruhusu, mjumbe asiyeweza kusema hajahudhuria kwa maana ya ushirika.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MAFUNZO

1. Mjumbe wa mbali analalamika kwamba anajisikia. Ni chumba gani kichunguzwe kwanza, na kwa nini?

2. Pimeni chumba chenu cha mikutano. Kwa kutumia kanuni ya sehemu ya 3, kadirieni mvumo wake kikiwa kitupu na kikiwa na wajumbe. Ni kitu gani cha bei nafuu kitapunguza mvumo zaidi?

3. Kwa nini sauti ya Mwenyekiti isiingizwe katika sauti ya rejea?

4. Spika zimenyamazishwa kabisa, lakini wa mbali bado anajisikia. Kosa liko wapi?

5. Someni kumbukumbu za kikao chenu cha mwisho kilichofanyika kwa mtandao. Ni vyama gani ambavyo havikusema neno? Waulizeni wajumbe wao kama walikuwa hawana la kusema, au walijaribu wakashindwa.

Kikundi kilijadili swali la 5 kwa makini, na majibu yake yapelekwe kwa Halmashauri kabla ya mkutano ujao.